Limau kwenye kitambaa cha buluu: Krita, MyPaint, GIMP au Drawpile?

Weka limau juu ya kitambaa cha buluu, karibu na dirisha, kisha ulichore kwa rangi za mafuta. Pale ukingo wa limau unapogusana na kivuli chake, brashi itachota buluu kidogo na kuivuta ndani ya manjano, na ghafla utaona kijani. Hukukiomba wala hukukiandaa kwenye ubao wako wa rangi, kimejileta chenyewe. Mchoraji wa rangi za mafuta anaishi kwa zawadi za namna hii, na ndiyo maana akihamia kwenye kompyuta hujihisi kama amevalishwa glavu. Kila mpako unafanana na uliotangulia, karatasi haina mkwaruzo, na rangi mbili zikikutana zinapishana kama wageni njiani.

Nimelichora limau hilo hilo katika programu nne huria, zote za bure: Krita, MyPaint, GIMP na Drawpile. Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka picha ya kidijitali yenye sura ya mafuta, ya rangi za maji, ya makaa au ya chaki. Anayetengeneza nembo au michoro ya mistari misafi ana programu ya Inkscape, na safari yake ni nyingine.

Idadi ya brashi siipi uzito wowote. Utapewa mia, utatumia sita. Ninachokipima ni rangi zinafanya nini zinapokutana, uso unaopakwa unajibu vipi mkono wako, na mashine yako itabeba kazi hiyo au italemewa.

Kwa mwenye haraka: anza na Krita, iweke MyPaint karibu kwa mazoezi ya rangi, GIMP ifungue picha ikishakwisha kupakwa, na Drawpile ni ya watu wanaotaka kuchora pamoja wakiwa mbalimbali. Lakini soma sababu zake, maana hali yako inaweza kuligeuza jibu hilo.

Rangi mbili zikikutana

Programu nyingi huchanganya rangi kwa kutafuta wastani. Buluu kamili ya skrini ni nyekundu 0, kijani 0, buluu 255. Manjano kamili ni 255, 255, 0. Chukua nusu kwa nusu, utapata takriban 127 kila upande, na hicho ni kijivu tupu. Ukifikiria kuwa mkono wako ndio mbovu, tulia: ni hesabu.

Rangi ya kwenye tyubu haifanyi hesabu hiyo. Yenyewe inafyonza sehemu ya mwanga na kuurudisha uliobaki. Rangi ya buluu hurudisha buluu pamoja na kijani kiasi, ya manjano hurudisha manjano, nyekundu na kijani. Zikichanganywa, kila moja inameza kile ambacho mwenzake alikirudisha, na kinachosalimika kwa zote mbili ni kijani.

Hapa MyPaint imewapita wenzake. Toleo la 2.0, lililotoka Februari 2020, lilileta uchanganyaji unaoiga tabia hiyo ya rangi halisi. Badala ya kutafuta wastani wa zile namba tatu za skrini, programu inaukadiria mwanga kwa vipande vingi vya wigo, yaani ule mfululizo wa rangi za upinde wa mvua, inavichanganya huko, ndipo inarudi kwenye skrini. Kila brashi ina kipimo cha pigmenti ndani ya mipangilio yake. Kikiwa sifuri, brashi inarudia wastani wa zamani. Kikiwa juu kabisa, inachanganya kwa njia hii mpya. Nilipovuta buluu juu ya manjano mara ya kwanza, kijani kilitokea pale pale ukingoni, chenyewe, na nikaacha kuchora ili nikitazame.

Krita kwa brashi zake za kawaida hufuata wastani. Ukingo wa limau ukapata kijivu cha vumbi, na picha ikaonekana mgonjwa. Dawa yake ipo, ila inakudai ujue unachokitaka: usiiachie programu kazi ya kutafuta rangi ya katikati. Chagua kijani mwenyewe, kiweke kama kipande chembamba kati ya limau na kivuli, kisha vuta kingo mbili zake, manjano kuelekea kijani na kijani kuelekea buluu. Rangi zilizo jirani zikichanganywa kwa wastani hazizai kijivu kikali, kwa sababu zinafanana tayari. Tabia hii imenifundisha kuiangalia rangi kwa makini zaidi, lakini siwezi kusema inanipa ile furaha ya kijani kilichojileta.

Kama unaanza kabisa kujifunza kuchanganya rangi, tofauti hii peke yake inatosha kukupeleka MyPaint kwa miezi ya mwanzo. Jicho litakalozoea kijivu pale penye kijani litachukua muda kurekebishika siku utakaposhika tyubu za kweli.

Krita: rangi mbichi, nywele za brashi na kisu

Jina la Krita ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki, na tangu 2009 watengenezaji wake wameielekeza kwa wachoraji. Ukiitumia wiki moja utaona. Brashi zaidi ya 100 zinazokuja nayo zimepangwa kwa herufi: kwenye h utakuta chaki na makaa, kwenye i rangi mbichi, zile ambazo bado hazijakauka, kwenye j rangi za maji. Anayetafuta sura ya mafuta aende moja kwa moja kwenye i.

Brashi za i zinaendeshwa na injini ya kupakaza, ambayo iliandikwa upya katika toleo la 5.0 la Desemba 2021. Ina vipimo vingi, lakini viwili ndivyo vya kuvishika. Cha kwanza kinaamua brashi iibebe kwa umbali gani rangi iliyoikuta kwenye turubai. Cha pili kinaamua iongeze kiasi gani cha rangi yako mpya. Kishushe cha pili hadi sifuri, na brashi haina rangi tena. Inakuwa kama kidole kinacholainisha ukingo. Kipandishe hadi juu huku umeshusha cha kwanza, na unapaka rangi nzito inayofunika kila kitu. Uhai wa picha uko katikati ya hapo. Mimi hukifunga kipimo cha pili kwenye mgandamizo wa kalamu, hivyo nikigusa kidogo brashi inavuta kilichopo tu, nikikandamiza inatoa rangi. Kwa mpangilio huo mmoja nililimaliza limau zima bila kubadilisha brashi.

Halafu kuna unene. Mafuta yakipakwa mengi hujenga vilima vidogo vinavyoshika mwanga upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili. Krita ina ncha za brashi zenye mwanga na kivuli vilivyokwisha kuingizwa ndani yake, na rangi yoyote utakayochagua hubeba alama hizo. Ile nuru nyeupe kwenye ngozi ya limau niliiweka kwa mpako mmoja wa brashi ya aina hii. Ukisogeza jicho karibu unaona mistari ya nywele, na pale brashi ilipoinuka pamebaki ukingo kama ule unaoachwa na kisu. Kumbuka tu kwamba mwanga huo umechorwa ndani ya mpako, kwa hiyo amua mapema dirisha liko upande gani na utumie brashi zinazokubaliana nalo.

Uso wa turubai nao una mambo yake. Kila brashi inaweza kupewa sura ya karatasi au ya kitambaa, ili makaa yapite juu ya vilima na kuacha mabonde meupe. Wengi hukosea kwenye ukubwa wa sura hiyo. Ikiwa ndogo mno inapotea kwenye chapa, ikizidi picha nzima inakuwa kama imechorwa juu ya gunia. Nimezoea kuipima kwa kuitazama picha katika ukubwa wake halisi wa kuchapishwa, kamwe si nikiwa nimeikuza.

Kwa rangi za maji, matarajio yawe ya kiasi. Hakuna hata moja kati ya programu hizi nne inayoiga maji yakitambaa kwenye karatasi na kukauka. Brashi za j za Krita zinakupa ule ukingo uliokolea unaobaki dimbwi la rangi linapokauka, nazo ni nzuri kweli, lakini kazi ya maji utaifanya kwa tabaka, yaani kurasa angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya picha. Fungua tabaka jipya kwa kila safu ya rangi, liweke katika hali ya kuzidisha ili rangi ya chini ionekane kupitia ya juu, na uende kutoka nyepesi kwenda nzito kama ungefanya mezani. Nyeupe yako ni karatasi. Ukianza kupaka nyeupe juu, sura ya maji imekwisha.

Yapo mengine ambayo mchoraji atayashukuru kila siku. Kubofya kitufe cha kulia huleta duara la brashi na rangi papo hapo chini ya kalamu. Herufi M hugeuza picha kama iliyo kwenye kioo, na kosa la mchoro ambalo hukuliona kwa saa nzima linakurukia usoni. Anayetaka kujifunza kwa kutazama kazi ya mtu mwingine amfuate mchoraji Mfaransa David Revoy, ambaye tangu 2014 anachora hadithi ya Pepper&Carrot kwa Krita na kuyaweka mafaili yake ya kazi wazi kwa yeyote. Fungua faili moja, zima tabaka moja baada ya jingine, utaona picha ilivyojengwa kutoka chini.

Krita pia inakuja na kifurushi cha vichujio cha G'MIC, ambacho kina vichujio vya kuigeuza picha ionekane imepakwa kwa brashi. Sivitumii, na nakushauri usivitegemee. Kichujio hakijui kwamba nywele za brashi zinapaswa kufuata mviringo wa limau. Kinapaka jicho na ukuta kwa mkono ule ule, na mtu mwenye uzoefu anakitambua kutoka mbali.

Ukiikuta Krita inauzwa kwenye maduka kama Steam au Microsoft Store, si utapeli. Ni njia ya kuwachangia watengenezaji, na kwenye tovuti yao programu ile ile inapakuliwa bure.

MyPaint: karatasi isiyo na mwisho

MyPaint ukiifungua unakuta karatasi, brashi na rangi, basi. Karatasi yenyewe haina kingo. Ukianza na limau na baadaye ukatamani sahani iliyo kushoto kwake, chora tu kuelekea kushoto, nafasi ipo. Siku ukitaka kuitoa picha, unaweka fremu kuzunguka eneo unalolitaka. Kwa mtu aliyezoea kuamua ukubwa wa turubai kabla ya mstari wa kwanza, uhuru huu unalegeza mkono.

Kuna paneli moja ndani yake ninayoipenda kuliko yote, karatasi ndogo ya kujaribia inayokaa pembeni. Ipe brashi yenye pigmenti, weka madoa matano ya rangi, uyavute yakutane, kisha chota rangi kutoka kwenye michanganyiko hiyo uipeleke kwenye picha. Ni ubao wa rangi wa kweli, ule wa mbao wenye madoa yaliyokauka, isipokuwa huu haukauki. Kitufe cha F2 nacho huihifadhi kazi kama rasimu mpya yenye namba bila kukuuliza jina. Anayefanya zoezi moja kila asubuhi atajikuta na mlolongo mzima wa rasimu zake, zimepangwa kwa utaratibu.

Upungufu wake ni mkubwa, na lazima niuseme waziwazi. Haina zana za kuteua sehemu ya picha, haina vichujio vya kurekebisha mwanga, haina maandishi. Ukigundua kwamba limau limekaa chini mno, hutaweza kulizungushia mstari na kulipandisha kama kwenye Krita. Utalipaka upya, isipokuwa uwe ulilitenga kwenye tabaka lake. Toleo lake thabiti la 2.0.1 lilitoka 2020 na maendeleo tangu hapo yamekwenda polepole. Linatulia vizuri zaidi kwenye Linux na Windows.

Injini ya brashi zake, hata hivyo, imesafiri mbali. GIMP iliipokea katika toleo la 2.10 la 2018, na Krita katika 5.0. Brashi uliyoizoea hapa si lazima uiage ukihama.

GIMP na Drawpile

GIMP ilianzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kazi yake tangu mwanzo ni kuhariri picha. Unaweza kupaka ndani yake, hasa kwa brashi za MyPaint, lakini mkono wako utahisi uko kwenye karakana ya mtu mwingine. Nilipolipaka limau humo, muda mwingi ulikwenda kwenye kubadilisha zana. Inapong'aa ni mwisho wa kazi: kurekebisha mwanga na giza, kupunguza rangi iliyokolea mno, kuandaa picha kwa ajili ya chapa. Toleo la 3.0 la Machi 2025 linakuruhusu kuweka kichujio na kukirudia baadaye bila kuharibu picha iliyo chini yake, jambo ambalo watu walilisubiri kwa miaka. Ikiwa una michoro ya karatasi uliyoipiga picha na unataka kuisafisha kabla ya kuipaka rangi, anzia GIMP.

Drawpile hushindana kwa jambo moja tu: inawaruhusu watu wengi kuchora kwenye turubai moja kwa wakati mmoja kupitia mtandao. Mwalimu na mwanafunzi wake wanaweza kuwa juu ya limau lile lile, mmoja akipaka na mwingine akionyesha kivuli kimekosewa wapi. Brashi za MyPaint zimo. Kwa kazi ya peke yako hutapata sababu ya kuichagua mbele ya Krita, lakini kwa kufundishana sijaona ya kuifikia.

Kalamu na mashine yako

Bila kalamu yenye kuhisi mgandamizo, karibu yote niliyoyasema juu ya brashi mbichi yanapungua nguvu. Kwa kipanya utachora, ila utapaka kama mtu anayepaka ukuta. Tableti ndogo ya bei nafuu yenye kalamu inatosha kabisa kuanzia.

Kwenye Windows, kosa moja limenipotezea jioni nzima: kalamu inasogea vizuri lakini kila mstari una unene ule ule. Nilidhani tableti imekufa. Suluhisho lilikuwa kwenye mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti, ambako kuna chaguo kati ya WinTab na Windows Ink, njia mbili za kompyuta kuisoma kalamu. Badilisha kutoka moja kwenda nyingine, funga Krita, ifungue tena. Sehemu hiyo hiyo ina kijisanduku cha kujaribia, na pia mstari wa mgandamizo unaoweza kuupinda. Mwenye mkono mwepesi aupinde kwenda juu ili asiumie kiganja.

Kuhusu kumbukumbu ya kompyuta, fanya hesabu kabla hujaumia. Karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya milioni 17. Kwa rangi za biti 8, tabaka moja lililojaa linachukua takriban megabaiti 70. Kwa biti 16, takriban 140. Tabaka kumi zilizojaa za biti 16 zinakaribia gigabaiti 1.4, na hapo hujahesabu historia ya kutendua. Biti 16 zina faida ya kweli kwa anayepakaza sana, kwa kuwa kila ukivuta rangi programu inakadiria upya, na kwenye ngazi 256 tu za biti 8 anga laini linaanza kuonyesha mistari. Lakini kwenye mashine dhaifu ni afadhali A4 ya biti 8 inayokimbia kuliko A3 inayokusubirisha kila mpako. Brashi mbichi inayochelewa haina unyevu wowote.

Mwenye kompyuta ya zamani ataona MyPaint nyepesi zaidi mkononi. Mwenye tableti ya Android bila kompyuta ana Krita na Drawpile. Kwenye iPad, Krita haipo.

Kuzitumia mbili pamoja

Kwa kuwa zote hizi zinasoma faili za OpenRaster, yaani .ora, hulazimiki kuapa utii kwa moja. Ninaanzia MyPaint, nikitafuta rangi na mwanga kwa brashi mbili au tatu zenye pigmenti, kisha naipeleka .ora Krita kwa ajili ya unene, sura ya kitambaa na marekebisho ya mpangilio.

Kuna mtego mmoja njiani. Katika MyPaint 2.0, tabaka nazo zinaweza kuchanganyika na zilizo chini yake kwa njia ya pigmenti, na hali hiyo ni ya MyPaint yenyewe. Ukiifungua faili kwingine, tabaka la juu lenye uwazi linaweza kubadilika rangi. Kwa hiyo, kabla ya kuhama, unganisha tabaka ambazo rangi zake zinategemeana. Michanganyiko iliyofanywa na brashi ndani ya tabaka moja haina tatizo hilo, kwa sababu imeshakuwa rangi ya kawaida kwenye pikseli.

Limau langu la mwisho lilipita njia hiyo. Kitambaa na kivuli vilitoka MyPaint, nuru na mikunjo ya kitambaa vikajengwa Krita kwa brashi za i, na GIMP ikapunguza buluu iliyokuwa inapiga kelele kwenye kona ya chini. Ule ukingo wa kijani sikuugusa tena tangu siku ya kwanza.